Mkoba wa Thamani: Somo la Mapambo na Bei Yake



Siku ya Jumapili, mlangoni mwa kanisa, macho ya watu hayatulii. Mama mmoja aingia na mkoba wa ngozi unaong'aa, wenye mkufu wa rangi ya dhahabu na alama ya nyumba kubwa ya biashara ya Ulaya. Kabla hajaketi, wengine wamekwisha kunong'ona: "Huyu ameupata wapi?" Wengine wautamani kimyakimya. Na mwingine, aketiye nyuma kabisa, aficha kifuko chake cha kitambaa chini ya benchi. Mambo haya matatu yatendeka kwa dakika moja tu, wala hakuna aliyesema neno kwa sauti. Kisha katikati ya juma mwalimu aulizwa na kikundi chake: "Je, mapambo ya namna hii ni makosa, au ni haki ya mtu na fedha yake?"

Somo hili limeandikwa ili kumsaidia mwalimu huyo asijibu upesi. Maana ni rahisi kukemea, na ni rahisi pia kunyamaza. Lakini kujua jambo kwanza, ndipo kulihukumu, hiyo ni kazi. Basi na tutazame mikoba hii ilitoka wapi, watu wamesema nini juu yake, na bei yake ina nini ndani.

1. Mkoba ulivyoanza

Katika Ulaya, yapata miaka mia tatu iliyopita, mwanamke hakuwa na desturi ya kuchukua mkoba mkononi. Alifunga mifuko kiunoni kwa utepe, chini ya vazi lake pana, akaingiza mkono kwa upenyo wa pembeni. Fedha, funguo, sindano na uzi vilikaa humo, wala mtu hakuviona. Karibu na mwisho wa karne ya 18 mtindo wa mavazi uligeuka. Mavazi yakawa membamba na mepesi, na mifuko ile ya ndani ikaonekana kama uvimbe ubavuni. Ndipo wanawake walipoanza kuchukua kifuko kidogo mkononi. Mwanzoni watu waliwacheka, lakini desturi ile haikurudi nyuma. Hivyo tangu siku zile mkoba ulikuwa na kazi mbili: kuchukua vitu, na kuonekana. Kazi hizi mbili zimeshindana mpaka leo.

Nyumba zilizo maarufu sasa zilianza na haja za kweli. Thierry Hermès alifungua karakana yake huko Paris mwaka 1837, akitengeneza lijamu na hatamu za farasi. Louis Vuitton, kijana wa kijijini katika milima ya Jura, alikwenda Paris kwa miguu kutafuta kazi. Mwaka 1854 akafungua duka lake la masanduku. Masanduku ya zamani yalikuwa na kifuniko cha mviringo; yeye akayatengeneza yenye kifuniko bapa, ili wasafiri waweze kuyapanga moja juu ya jingine. Waigaji walipozidi, mwanawe Georges akabuni mwaka 1896 kitambaa chenye herufi za jina la baba yake na maua madogo, ili asiweze mtu kukiiga. Leo alama hiyo ni miongoni mwa zile zinazoigwa kuliko zote duniani. Naye Gabrielle Chanel, mwaka 1955, alitoa mkoba wenye mkufu wa kutundika begani, ili mikono ya mwanamke iwe huru.

Tazameni: farasi, safari, mikono yenye kazi. Haja ndiyo iliyotangulia. Sifa ilifuata nyuma, kisha ikakimbia mbele.

2. Fundi wa Budapest

Yuko fundi mmoja ambaye habari zake zafaa kukumbukwa, maana mikoba yake ilikuwa ya mapambo kuliko yote. Judith Leiber alizaliwa Budapest, katika nchi ya Hungaria, mwaka 1921, katika jamaa ya Kiyahudi. Alikusudia kusoma elimu ya kemia huko Uingereza, lakini vita ilipokaribia alibaki kwao, akaingia katika karakana ya mikoba awe mwanafunzi wa kazi. Huko alijifunza kila hatua: kukata ngozi, kuikunja, kuishona, kutia bawaba na kifungo. Wayahudi wengi wa mji ule waliuawa katika vita, yeye aliokoka. Akaolewa na askari Mmarekani, na mwaka 1947 wakahamia New York. Baada ya kuwafanyia wengine kazi kwa miaka mingi, mwaka 1963 alianza kazi yake mwenyewe.

Mwaka 1967 aliagiza vifuko vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Vilipofika vilikuwa na madoa, havifai kuuzwa. Mwingine angalivitupa. Yeye akayafunika madoa kwa vipande vidogo vya kioo kinachometameta, kimoja kimoja. Kwa njia hiyo kasoro ikawa mwanzo wa kazi iliyompatia jina. Baadaye alitengeneza vifuko vyenye umbo la ndege, matunda, wanyama na vyungu. Kwanza huchongwa mfano wa nta, kisha hufanywa ganda la chuma, kisha maelfu ya vioo hubandikwa kwa mkono. Wake za marais wa Marekani walivichukua, na majumba ya makumbusho yamevihifadhi. Alikufa mwaka 2018, siku moja na mumewe.

Sasa, kifuko cha namna hiyo huingia nini? Kitambaa cha mkono, rangi ya midomo, na noti chache. Kwa kuchukua vitu, kikapu cha sokoni chakishinda mara mia. Walakini ni nani atakayesema kwamba kazi ya mikono ile ilikuwa bure? Mwanamke aliyeona mji wake ukiharibiwa aliketi mezani akafanya vitu vizuri. Uzuri nao ni kitu ambacho mwanadamu amekihitaji tangu zamani. Tukisahau hilo, hukumu yetu itakuwa kavu.

3. Kikapu cha Jane Birkin

Habari ya pili ni tofauti. Jane Birkin alikuwa mwigizaji na mwimbaji, Mwingereza aliyekaa Ufaransa. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kuchukua kikapu kilichosukwa, namna ya vile ambavyo mama zetu huchukua sokoni. Siku moja katika ndege iliyotoka Paris kwenda London, vitu vyake vilimwagika. Aliyeketi karibu naye alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa nyumba ya Hermès. Birkin akamweleza kwamba haoni mkoba wa ngozi unaomtosha mama mwenye mtoto, na humo humo ndegeni wakachora mfano wake. Mwaka 1984 mkoba huo ukafanywa, ukapewa jina lake.

Ule wa kwanza aliutumia kama mtu atumiavyo chombo. Aliujaza mpaka ukaharibika umbo, akabandika karatasi za mambo aliyoyapigania, akautundikia kifaa cha kukatia kucha. Mwaka 1994 akautoa uuzwe mnadani kwa kusaidia kazi ya kupigana na ukimwi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2023. Na tarehe 10 Julai 2025, huko Paris, mkoba ule ule, wenye mikwaruzo na alama za gundi, uliuzwa mnadani kwa karibu yuro milioni 8.6.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Ngozi yake haikuongezeka thamani, ilichakaa. Mshono wake haukuwa mpya. Nini basi kilichonunuliwa? Jina na habari. Mwenye mkoba aliutumikisha, kisha akautoa kwa wagonjwa. Waliokuja nyuma wakaufanya sanamu ya kutazamwa. Hata mikoba mipya ya namna hiyo, ambayo bei yake dukani ni kubwa sana, haipatikani kwa kuingia na fedha tu. Mnunuzi hungoja mpaka duka limkubali. Kweli kazi yake ni nzuri: fundi mmoja huushona tangu mwanzo hata mwisho, kwa uzi mmoja na sindano mbili, kama watengeneza matandiko ya farasi. Lakini kungoja kule nako ni sehemu ya bei. Kitu wasichokipata wengi huonekana kizuri zaidi kwa sababu hiyo peke yake.

4. Maoni ya watu

Watu wenye elimu wamebishana juu ya anasa kwa muda mrefu, nasi tutataja maoni matatu.

La kwanza lasema: anasa ya tajiri ni mkate wa maskini. Bernard Mandeville, aliyekaa London, alitoa kitabu mwaka 1714 akifundisha kwamba kiburi na upendo wa mapambo, ingawa ni mabaya, huwapa watu wengi kazi. Neno hili lina ukweli ndani yake. Mkoba mmoja hulisha mchunga ng'ombe, mtengeneza ngozi, mshonaji, mchukuzi na mwuza duka. Lakini halitoshi, maana halijauliza kila mmoja hulishwa kiasi gani.

La pili ni la Adam Smith wa Uskoti. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 alionyesha kwamba vitu vingine huwa vya lazima kwa desturi tu. Wayunani na Warumi wa kale waliishi vema bila shati la kitani; lakini katika siku zake hata kibarua wa Ulaya angaliona haya kutokea mbele ya watu bila shati hilo. Kwa hiyo tusimcheke yule aliyeficha kifuko chake chini ya benchi. Aibu yake si upuzi. Wenzake ndio walioitengeneza. Smith huyo huyo, katika kitabu cha mwaka 1759, aliwacheka watu wajazao mifuko yao vitu vya kuchezea, hata wakabuni mifuko mipya ya kuvichukulia, hali faida ya vitu vyote pamoja haifikii uzito wake.

La tatu ni la Mmarekani Thorstein Veblen, mwaka 1899. Yeye alisema kwamba watu hutumia mali mbele ya macho ya wengine ili wajulikane kuwa wana mali. Na kwamba kitu kikiwa ghali mno, ghali ile yenyewe huwa ndiyo pambo. Mwenye kutafakari habari ya mnada wa Paris ataona maana ya maneno hayo.

Wako pia waliojaribu kukata jambo hili kwa sheria. Uingereza ilikuwa na sheria za mavazi kwa muda wa miaka mingi, zilizowakataza watu wa chini kuvaa hariri na manyoya ya namna fulani. Zikafutwa mwaka 1604. Angalieni vizuri: sheria zile hazikukataza kiburi. Zilikilinda kiburi cha wakubwa, kisiigwe na wadogo. Hili ni onyo kwetu sisi tupendao kuweka amri za mavazi.

5. Bei ina nini ndani yake?

Sasa twafika mahali ambapo wengi hawafiki. Mwaka 2024 mahakama ya Milan, katika Italia, iliweka msimamizi juu ya kampuni moja ya kutengeneza mikoba iliyo chini ya nyumba ya Dior. Waendesha mashtaka walikuwa wamechunguza karakana ndogo kandokando ya mji ule, zilizopewa kazi kwa mkataba. Walieleza kwamba wafanya kazi wengine walilala mahali pa kazi ili waweze kushona usiku na mchana, na kwamba vizuizi vya usalama vilikuwa vimeondolewa katika mashine ili ziende kasi. Wakataja mkoba mmoja ambao karakana ililipwa yuro 53 kwa kuutengeneza, mbali na bei ya ngozi, nao uliuzwa dukani kwa yuro 2,600. Kampuni ile yenyewe haikushtakiwa kwa uhalifu. Ilichoambiwa ni kwamba haikuwasimamia vema wale iliowapa kazi. Mwaka 2025, ilipokwisha kurekebisha mambo yake, mahakama iliuondoa usimamizi ule kabla ya muda wake kwisha.

Habari hizi hatuziandiki ili tuitukane nyumba moja; zilikuwako na nyingine zilizopatwa na hukumu kama hiyo. Twaziandika kwa sababu zaonyesha jambo ambalo macho hayawezi kuliona mlangoni mwa kanisa. Mwenye mkoba huweza kudhani kwamba kwa kulipa bei kubwa amemlipa fundi ujira mkubwa. Bei na ujira si kitu kimoja. Baina yake kuna kodi za maduka ya fahari, matangazo, faida ya wenye mali, na jina.

6. Orodha ya nabii

Mara nyingi, mapambo yatajwapo, walimu hufungua nyaraka za Petro na Paulo zinenazo habari za dhahabu na kusuka nywele, na masomo hayo mwayajua. Lakini iko sura ambayo yafaa isomwe polepole zaidi, nayo ni ya 3 katika kitabu cha Isaya. Humo mna orodha ndefu ya mapambo ya wanawake wa Yerusalemu: pete, mikufu, vikuku, shela, hata na vifuko vimo. Wengi huisoma orodha hiyo wakawageukia wanawake. Walakini someni mistari iliyo mbele yake. Kabla ya kuhesabu pambo lo lote, nabii awashtaki wazee na wakuu kwa sababu mali waliyomnyang'anya maskini imo nyumbani mwao. Shtaka la kwanza ni mali ilivyopatikana. Pambo lafuata baadaye. Tena shtaka lile liliwaangukia wanaume.

Wala Maandiko hayachukii uzuri wenyewe. Bezaleli, aliyepewa ustadi wa kuchonga vito na kufua dhahabu, anatajwa kwa heshima katika kitabu cha Kutoka. Na Waraka wa Yakobo, katika sura ya 2, wamtaja mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri aingiaye kusanyikoni. Anayekemewa pale ni nani? Si mwenye pete, bali wale waliompa kiti kizuri wakamwacha maskini asimame. Kosa lilikuwa machoni mwa waliokwisha kuketi.

Kwa hiyo, mtu akiuliza, "Mkoba huu ni halali?" yafaa tumrudishie maswali mawili: Aliyeutengeneza alilipwa ujira wake? Na, kwa kuuchukua kwako, ni nani anayefanywa mdogo? Maswali haya mawili yapita uzuri, yapita na bei.

7. Nyumbani kwetu

Labda msomaji asema moyoni, "Mambo ya Milan yako mbali. Mimi sina yuro elfu." Lakini tuna Milan yetu.

Mama asukaye vikapu akata miyaa, aianika juani, aipasua, aitia rangi, asuka ukili siku nyingi, kisha aushona mzunguko kwa mzunguko. Akifika sokoni, twasimama mbele yake na kusema: "Punguza, mama, ni majani tu haya." Twashuka naye mpaka fedha anayoipokea haifikii chakula cha siku alizofanya kazi. Kisha twarudi nyumbani tukijisifu kwamba tu wajuzi wa kununua. Jioni twasikia habari za karakana za Ulaya, nasi twatikisa kichwa! Ndugu, aliyemwonea fundi wa kikapu hana neno la kumwambia aliyemwonea fundi wa ngozi.

Basi, mashauri machache kwa wenye kufundisha.

Usimkemee mtu kwa mkoba wake mbele ya watu. Hujui kama ni zawadi ya mwanawe, au mtumba wa bei ndogo, au akiba ya miaka mitano. Ukiwa na neno, lisemeni wawili.

Mwenye kununua na anunue kazi, asinunue jina. Na autazame mshono, bawaba, na bitana ya ndani. Kitu kilichofanywa vema kikadumu miaka ishirini chaweza kuwa cha akiba kuliko vitano vya ovyo.

Asikope kwa ajili ya pambo. Mkopo wa ada ya mtoto hueleweka. Mkopo wa kuonekana Jumapili hula chakula cha Jumatatu.

Asichukue alama ya uongo. Mikoba ya kuigwa imejaa katika masoko ya miji yetu. Mkoba usio na jina lo lote ni mkoba wa haki. Mkoba wenye jina la kuiba hunena uongo kila uonekanapo, hata mwenyewe akinyamaza.

Mwisho, aliyepewa kitu kizuri na akitumie kama Jane Birkin alivyokitumia chake: akijaze, akichakaze, na siku ya haja awe tayari kukitoa. Kitu tusichoweza kukitoa si chetu tena. Sisi tu wake.

Na yule aketiye nyuma aliyeficha kifuko chake? Jumapili ijayo, mwenye mkoba unaong'aa na akaketi karibu naye, auweke wake chini ya benchi pamoja na kile cha kitambaa. Hapo somo litakuwa limekwisha kufundishwa bila mwalimu.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kazi mbili za mkoba ni zipi, na katika kikundi chetu ni ipi inayotangulia?
2. Kwa nini mkoba uliochakaa uliuzwa kwa bei kubwa kuliko mpya?
3. Neno la Mandeville ni la kweli kwa kiasi gani, nalo limepungukiwa na nini?
4. Katika Isaya 3, ni nani wanaoshtakiwa kwanza, na kwa kosa gani?
5. Mara ya mwisho uliponunua kazi ya mikono, ulilipa bei ya siku ngapi za fundi?